Malalamiko Kuhusu Nesi Aliyeniponyea Mume bila Kuniuliza

Bi. Unaisi Batikawai,
Nyumba ya pili kutoka kanisani,
Kijiji cha Navuniyasi,
Njia ya Rakiraki.

Kwa Mkurugenzi,
Huduma ya Afya ya Wanajeshi Wastaafu na Familia Zao,
Suva.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: OMBI LA KUMHAMISHA NESI SULOCHANA PILLAY, IKIWEZEKANA KUVUKA MAJI

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima wa afya, wewe na wote walio ofisini mwako. Sisi huku ni wazima mno, na hilo ndilo linalonifanya nishike kalamu.

Mimi ni mke wa Sajini mstaafu Vilikesa Batikawai, aliyelitumikia jeshi la Fiji tangu alipoanza kunyoa ndevu mpaka zilipoanza kuota nyeupe. Alikwenda Lebanon kulinda amani, akarudi. Akaenda Sinai, akarudi. Akaenda Lebanon tena, na safari hiyo waliturudishia mwili wake na begi lake, basi. Alikuwa hai. Alikula, alitembea, alikwenda kanisani na kukaa benchi la mwisho karibu na mlango. Lakini maneno aliyaacha huko huko. Ukimuuliza kitu alijibu "Ndiyo" au "Hapana," na likiwa swali gumu alijibu "Kesho." Watu walimzoea, na mimi nilimzoea kuliko wote.

Nataka ujue, Mkurugenzi, kwamba nyumba yangu haikuwa na tatizo. Ilikuwa na utaratibu. Mlango haukubamizwa. Sahani hazikugonganishwa. Mtu aliyetaka kumwamsha Vilikesa alisimama mbali, akamwita kwa jina, akangoja. Yeye alilala kwenye banda la nyuma, mgongo ukutani na uso mlangoni. Mimi nilijua ni kelele gani itamnyanyua kwenye chakula na ni harufu gani itamfungia bandani siku nzima. Wageni niliwapokea mimi, misibani nilikwenda mimi, binti yetu Laisani nilimlea mimi na kumwoza mimi. Kila mtu alijua mahali pake. Ndipo mkatuletea Nesi Sulochana.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu biringanya.

Wataalamu waliomtangulia walikuja na maswali. Je, Sajini, unaota ndoto mbaya? Je, una hasira? Vilikesa aliwaambia "Kesho," wakanywa chai yangu, wakaenda zao. Walikuwa watu wazuri, hawakuvuruga kitu.

Huyu alikuja na mfuko mkubwa kuliko yeye, akavua viatu, akainama mlangoni kama aliyelelewa na watu, akakaa mkekani. Mimi nilikuwa nimeshaandaa majibu ya mume wangu. Hakuuliza swali hata moja. Alichungulia dirishani akasema, "Sajini, biringanya zako zina wadudu."

Vilikesa akasema, "Hazina."

"Zina. Mama yangu analima biringanya huko Ba. Majani yakijikunja vile, mdudu yuko chini yake."

"Nimesema hazina."

"Basi twende tukaone."

Wakaenda, wakaona, wadudu walikuwepo. Zamani Vilikesa alipokasirika alinyamaza na sisi sote tukanyamaza. Siku hiyo alimfokea nesi kwamba watu wa Ba hawajui udongo wa huku, naye nesi akamfokea kwamba udongo hauna kosa, mwenye kosa ni mwenye bustani. Wakazozana mpaka chai ikapoa. Akaja tena, wakazozana tena. Msimu mzima ulipita hivyo. Nauliza kwa heshima: serikali inamlipa muuguzi aliyesoma ili abishanie biringanya?

Kisha siku moja nilikuwa ndani nakuna nazi, wao wamechuchumaa kwenye matuta wanang'oa magugu. Nikamsikia mume wangu akisema, bila kuulizwa na mtu, "Livai naye alipenda biringanya."

Nesi hakuacha kung'oa magugu. "Livai gani?"

"Wa kikosi changu. Alikuwa anazichoma juu ya bati."

Akaendelea. Akamweleza nesi yaliyompata Livai kwenye kizuizi cha barabara, na yeye alikuwa amesimama wapi, na kwa nini hawezi kuvumilia harufu ya matairi yanayoungua. Sitayaandika hapa kwa kuwa si yangu, wala sikuambiwa mimi. Na hilo ndilo lalamiko lenyewe. Mimi ni mke wa mtu huyu kanisani na serikalini, na jina la Livai nililisikia kupitia dirishani. Nilikuna ile nazi mpaka nikakuna kidole. Vilikesa alipoingia kunawa mikono aliniangalia akasema, "Unai, unatoka damu."

Hakuwa ameniita Unai tangu Laisani alipokuwa akitambaa. Nilishtuka mno, nikamwambia ashike yake.

2. Kuhusu usingizi.

Nesi alimleta daktari kutoka Lautoka, akampa Vilikesa dawa, akamfundisha kuvuta pumzi polepole na kuzitoa polepole, kana kwamba mtu mzima hajui kupumua. Matokeo yake ni kwamba mume wangu analala. Tena halali bandani. Amehamishiwa ndani, kwenye kitanda changu, na mimi mwenye kitanda sikuitwa kwenye kikao chochote. Kitanda hicho nilikuwa nimeshakitengenezea bonde katikati.

Anakoroma kama trekta la miwa linalopanda kilima. Jirani yangu Kelera, mke wa Koplo Maciu, alinisimamisha kisimani akaniuliza, "Shoga, kwenu mmenunua jenereta?" Nikamwambia, "Ndiyo, imetoka Suva, serikali imetugawia."

Isitoshe, zamani Vilikesa alikesha macho wazi na hakuna mwizi aliyepita njia yetu. Sasa nguchiro anaingia bandani kwa kuku kama anayeingia kwa shangazi yake. Naomba ofisi yako ituletee mlinzi, kwa kuwa mlinzi tuliyekuwa naye mmemlaza.

3. Kuhusu baruti za Diwali.

Ng'ambo ya mtaro wetu wanaishi wakulima wa miwa, ukoo wa Mzee Hari Narayan. Ni majirani wema. Kila mwaka ikifika Diwali wao huwasha taa zao na kupasua baruti, na kila mwaka mimi nilikuwa na mpango wangu. Tangu asubuhi nilimwambia Vilikesa kwamba kaka yake kule mlimani anahitaji msaada wa viazi vikuu, nikamfungia chakula, akaenda, akarudi kesho yake. Kaka yake nilishamwambia aseme kweli anahitaji msaada. Mtoto nilishamwambia baba ana kazi. Hakuna aliyejua kwamba ni mpango. Niliuunda mwenyewe na uliniletea heshima, ingawa ni mimi peke yangu niliyeuona.

Mwaka huu Nesi Sulochana akavuka mtaro bila kunishirikisha. Alichosema huko sijui. Ninachojua ni kwamba kabla ya sikukuu Mzee Narayan alikuja mwenyewe na mkewe, wamebeba sahani ya vitamu, akasimama chini ya ngazi yetu.

"Sajini," akasema, "tumekaa jirani miaka yote hii, nawe hukuniambia. Mimi ni mtu wa namna gani machoni pako?"

Vilikesa akaangalia miguu yake.

"Ukisema tusipasue, hatupasui. Wajukuu watakula vitamu, mambo yatakwisha."

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nimeshikilia sufuria. Kisha Vilikesa akasema, "Pasueni. Ila mniambie kabla ya kila moja."

Na ikawa hivyo. Jua lilipozama, mjukuu wa Narayan, msichana mwenye sauti kama king'ora, alisimama juu ya ukingo wa mtaro akapaza sauti, "Sajini! Inakuja!" Mume wangu, ameshika nguzo ya baraza kwa mikono miwili, anajibu, "Sawa!" Inalia. Jasho linamtoka. Mimi nimesimama kando yake na beseni, wala sijui beseni lilikuwa la kazi gani. "Sajini! Nyingine!" "Sawa!" Baadaye mkono mmoja ukaachia nguzo. Baadaye akakaa. Mwishoni alikuwa akipiga kelele kuvuka mtaro, "Hiyo imelia kama kikohozi! Leteni ya maana!"

Lalamiko langu hapa lina sehemu mbili. Kwanza, alimaliza sahani nzima ya vitamu, sukari yake ikapanda, na nesi akanigombeza mimi: "Mama, si ungevificha?" Pili, ule mpango wangu wa viazi vikuu sasa nitaupeleka wapi?

4. Kuhusu jiko.

Kuna mwenzake nesi, Bwana Tevita, mtaalamu wa viungo, anayeshughulikia mgongo wa Vilikesa. Kijana mpole, simlaumu sana. Lakini yeye ndiye aliyesema kwamba mazoezi mazuri kuliko yote ni kuinama, kusimama na kunyoosha mkono juu, na kwamba mahali pa kufanyia hayo ni jikoni.

Sufuria zangu zimepangwa kwa vyeo, Mkurugenzi. Kubwa mbele, ndogo nyuma, mifuniko imesimama mstari. Sufuria yangu ya magimbi, niliyopewa na mama yangu, imeshushwa mpaka chini ya meza kwa kosa la kuwa na masizi. Juzi niliambiwa hivi nyumbani mwangu mwenyewe:

"Unai, nani amehamisha mwiko?"

"Mimi."

"Mwiko una mahali pake."

"Mahali pake ni mkononi mwangu."

Akafikiri. Akasema, "Ombi lako limekataliwa," kisha akacheka, akatia tui kwenye magimbi ambayo hayajaiva. Tukala hivyo hivyo, yanagongana mdomoni kama kokoto, naye akaongeza mara mbili.

5. Lalamiko la tano nimelikata. Vilikesa amepita nyuma yangu, amelisoma, amecheka mpaka akakaa chini. Haliwezi kuwa lalamiko tena.

6. Kuhusu simu.

Binti yetu Laisani ni mwalimu huko Lautoka. Tangu aolewe alikuwa akinipigia Jumapili baada ya kanisa. "Mama, Baba yukoje?" Nami namjibu, "Yupo, anakusalimu sana." Alikuwa hajamsalimu, Mkurugenzi. Alikuwa amekaa anaangalia mtaro. Lakini salamu nilizitunga mimi, na zilikuwa salamu nzuri. Nilimtungia baba yake fahari siku aliyohitimu. Nilimtungia huzuni siku aliyougua. Sikukuu zote nilimtumia maneno ya baba yake, na hata Laisani alizoea kusema, "Baba kwenye simu ni mtu mwingine kabisa."

Sasa simu ikilia na nikaipokea, nasikia hivi: "Mama, hujambo, nipe Baba."

Wanazungumza raga. Wanazungumza wanafunzi wake watukutu. Jumapili moja nilikuwa naanika nguo nikamsikia Vilikesa anasema, "Najua. Najua, mwanangu. Hukukosea wewe kitu. Hata siku moja hukukosea wewe." Akasikiliza. Akasema tena, "Nipo. Lia tu, nipo." Kisha akanirudishia simu, salio la Laisani limekwisha.

Mimi nilikuwa mkalimani wa nyumba hii. Nimeachishwa kazi bila hata kushikwa mkono. Ofisi yako ilifikiria hilo ilipomtuma mtu huku?

7. Kuhusu kundi la wanawake.

Nesi Sulochana hakutosheka na waume. Amewakusanya wake za wanajeshi katika ukumbi wa kanisa, kila wiki, eti na sisi tunahudumiwa. Hapo awali wake za wanajeshi wa Navuniyasi walikuwa watu wa heshima, kila mmoja alihangaika ndani kwake na dirisha limefungwa. Sasa wanakaa mkekani wanasemezana. Kelera amesimulia mbele ya watu wote jinsi Koplo Maciu alivyomkimbiza mhudumu wa umeme kwa panga akidhani ni adui, na jinsi yeye Kelera alivyomficha mhudumu huyo chooni mpaka mumewe akapoa. Walicheka mpaka mchungaji akaacha kuandaa mahubiri akafunga dirisha lake. Kisha Kelera huyo huyo akaanza kulia, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Walimwacha alie kama maji ya bomba. Je, huo ni uuguzi?

Mimi nahudhuria kila wiki ili kukusanya ushahidi wa barua hii. Sijakosa hata mara moja. Napeleka maandazi. Nimewaeleza waziwazi kwamba mimi ni mwenye maandazi, sina la kusema.

8. Kuhusu swali.

Nimelichelewesha hili kwa sababu ndilo lililonifikisha kwako.

Wiki iliyopita nesi alikuja nyumbani. Vilikesa alikuwa bustanini. Nikamkaribisha chai kama desturi, nikaanza kumweleza jinsi mume wangu alivyolala, alivyokula, alivyotembea. Yeye akaweka kikombe chini, akasema, "Nimesikia, mama. Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe unalala?"

Nikamwambia, "Mimi sikwenda Lebanon."

Akasema, "Najua. Nauliza unalala?"

Mkurugenzi, katika nyumba hii mtu anayeulizwa hali ni Vilikesa. Mimi ndiye ninayejibu. Nilimwangalia huyu mtoto wa watu na mfuko wake, nikakinyanyua kikombe chake, na chai ikiwa bado imejaa nusu, nikaenda kuimwaga. Nikamwambia basi la mwisho linakaribia.

Halikuwa linakaribia. Alikwenda kukaa kituoni, mvua ikaanza, naye mume wangu akanipita mlangoni na mwavuli bila kunisemesha, akaenda kumfunika. Wakakaa wawili chini ya mwavuli mmoja, nadhani wanazungumza biringanya. Mimi nikabaki nimesimama jikoni, na sufuria zote zimejipanga mstari zinanitazama.

Kwa sababu hizi zote, naomba yafuatayo kwa unyenyekevu:

Kwamba Nesi Sulochana Pillay ahamishwe haraka. Labasa ni mji mzuri, una miwa, una Wahindi wenzake, na uko kisiwa kingine.

Kwamba mume wangu nirudishiwe nusu. Asirudi bandani, hapana, na Laisani aendelee kumpigia. Lakini atoke jikoni, na asiongee wakati wa taarifa ya habari.

Na kwamba itolewe amri kwa wauguzi wote wa nchi hii: askari aulizwe, mke wa askari apewe tu dawa ya kikohozi akiiomba.

Nisalimie madaktari, makarani, madereva na yule anayewapikia chai. Nisalimie mkeo na watoto, na wakwe kama mnaelewana. Mungu awabariki katika kazi yenu, ila mpunguze bidii.

Mimi mlalamikaji wako mtiifu,
Unaisi Batikawai (Bibi)

Nyongeza, nyuma ya karatasi:

Barua hii imekaa mkobani. Mara basi la Rakiraki liliharibika, mara mvua, na basi lilipopona nikaamua kufua. Ikafika siku ya kundi. Kelera alikuja macho yamemvimba. Binamu yake anafagia ofisini kwenu, naye amesikia kwamba Nesi Sulochana anahamishiwa Labasa. Labasa, Mkurugenzi! Kabla hata sijatuma ombi!

Wanawake wakaanza kulia. Nesi mwenyewe akaangalia mkeka. Mimi nikasimama. Nilisimama ili niseme kwamba serikali ina sababu zake na maandazi yanapoa. Badala yake nikajisikia nasimulia gari la jeshi.

Sikuwahi kumwambia mtu. Ilikuwa wakati Vilikesa yuko Lebanon safari ya mwisho. Asubuhi redio ilitangaza kwamba vijana wetu huko wameshambuliwa, na majina hayakutajwa. Nilikuwa uwani namenya magimbi. Gari la jeshi likaacha barabara kuu, likapanda kwetu taratibu, likasimama mbele ya nyumba. Ofisa akashuka, akavua kofia. Mimi nikaendelea kumenya. Niliona kwamba maadamu namenya, atakuwa hajafika. Nikamenya gimbi mpaka likabaki kama kidole, nikachukua jingine. Akasogea akasema, "Samahani sana, mama." Nikamwambia, "Ngoja nimalize." Akangoja, maskini, anazungusha kofia mikononi. Kikapu kilipokwisha nikaweka kisu chini, nikasema, "Haya. Sema."

Akasema, "Tunaomba maji ya rejeta."

Nikawapa maji. Wakashukuru, wakaenda. Nikapika vile vipande, nikala na mwanangu, na tangu hapo gari likipunguza mwendo nje, mikono yangu inatafuta kitu cha kumenya.

Ukumbi wote ulinigeukia. Kisha Kelera akasema, "Maji ya rejeta?"

Nikasema, "Ya rejeta."

Akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka, nami nikacheka, na katikati ya kicheko nikagundua kwamba nalia na siwezi kuacha, na kwamba hakuna anayeniambia niache. Nesi alikuja akakaa kando yangu, bega kwa bega.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia Vilikesa. Aliangalia mtaro, nikadhani amerudi kule kwake kwa zamani. Kisha akainuka amekasirika kweli kweli. "Ofisa gani huyo? Jina lake nani? Mtu anaanza na rejeta! Unavua kofia kwa ajili ya rejeta?" Akatembea baraza nzima anafoka. Halafu akaja akanishika hii mikono, yote miwili, akakaa nayo.

Sasa sikiliza, Mkurugenzi. Nesi Sulochana asihamishwe. Wapo wauguzi wengine wa kupeleka Labasa. Mkimgusa, tutapanda basi sisi sote wake za wanajeshi wa Navuniyasi na mikeka yetu, tukae mlangoni mwa ofisi yako, na Koplo Maciu tutakuja naye.

Kelera ameisoma barua hii yote. Anasema, "Shoga, hii si barua ya kumfukuza mtu. Hii ni ya kumpandisha cheo." Nimemwambia hajui kusoma. Naituma kama ilivyo kwa kuwa mwandiko umenyooka na karatasi nyingine sina. Popote palipoandikwa "ahamishwe," pafute.

Nesi amesema Jumanne atakuja kwangu, si kwa Vilikesa. Mwambie abebe ile mashine ya kupima presha yenye mkanda mpana, maana mikono yangu si ya kitoto. Ikiwa Jumanne hana nafasi, hata Jumatano. Aje tu. Nipo.